Viwavi kwenye tumbaku ya nyumbani: ni mdudu mmoja au ni wengi?

#1 Chipukizi Kijani
Wakuu, habari. Nina mashina machache ya tumbaku nyuma ya nyumba, nimeyaotesha mwenyewe kutoka kwenye mbegu. Sasa yananifika kifuani na mengine yameanza kutoa vitumba vya maua. Tatizo ni viwavi. Majani machanga ya juu yanafunguka yakiwa na matundu tayari, makubwa, hayana mpangilio. Jani moja la katikati limeliwa lote, umebaki uti na vipande vya mishipa. Halafu kwenye kwapa za majani kuna kinyesi cheusi, kingine cha vipunje vidogo sana, kingine punje nene zinazoonekana hata ukiwa umesimama.

Kiwavi niliyemwona kwa macho ni wa kijani, urefu wa pingili ya kidole, ana mstari mweupe ubavuni. Alikuwa amejichimbia kwenye kichwa cha mmea, katikati ya majani yaliyokunjana.

Mimi naona ni mdudu mmoja tu: akiwa mdogo anatoboa, akikua anafyeka jani zima. Jirani yangu anasema hapo kuna wawili au watatu tofauti. Nani yuko sahihi? Na nitamtambuaje kabla sijapulizia chochote?

#2 Fundi Bomba
Kiwavi ni kiwavi, mkuu. Ukianza kumuuliza jina, yeye anaendelea kula. Chukua dawa ya viwavi, pulizia jioni, asubuhi okota maiti.

#3 Bibi Bustani
Fundi, hapo nakupinga. Anayejificha ndani ya kichwa cha mmea dawa haimfiki ukipulizia majani ya nje. Anayekaa ardhini mchana haimfiki kabisa. Na aliye ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, utalowesha jani naye yuko mkavu. Kwa hiyo kumjua ni sehemu ya kumuua.

Mleta mada, mgeuze huyo kiwavi uhesabu miguu. Nyuma ya kichwa kuna jozi tatu za miguu ya kweli, hizo wote wanazo. Angalia tumboni, kwenye miguu bandia ile minene. Wengi wana jozi nne katikati na moja mkiani. Ukikuta katikati kuna jozi mbili tu, na akitembea anakunja mgongo juu halafu anajinyoosha, huyo ni kiwavi mpindamgongo. Hao hula katikati ya jani wakiruka mishipa mikubwa, na wengi wao ni wa kijani wenye mistari myeupe ubavuni. Maelezo yako yanafanana naye.

#4 Jicho la Mwewe
Jani zima kuliwa likabaki uti, na kinyesi kinene: huyo ni kiwavi mwenye pembe, Manduca sexta. Sina shaka. Ni mkubwa wa kijani, ana mistari 7 myeupe ya mshazari kila upande na pembe nyekundu mkiani. Anafika sentimita 8 mpaka 10. Ana ndugu yake, Manduca quinquemaculata, ambaye alama zake ni 8 zenye umbo la V na pembe yake ni nyeusi. Wote wanakula tumbaku na nyanya. Tena chakula chake karibu chote hukila katika hatua ya mwisho kabla ya kuwa bundo (ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo), ndiyo maana unalala mmea mzima na unaamka umekwisha.

Kwa hiyo Chipukizi hajakosea. Mdogo anatoboa, mkubwa anafyeka.

#5 Nondo Mchana
Jicho, maelezo ya alama ni sahihi kabisa, ila kuna jambo umeliruka. Manduca wote wawili ni wa mabara ya Amerika. Ukiwa Afrika, Asia au Ulaya huwezi kumkuta bustanini. Ukurasa mwingi wa wadudu wa tumbaku umeandikwa Marekani, watu wanasoma na kumtafuta mdudu ambaye hayupo upande wao.

Afrika na kusini mwa Ulaya kiwavi mwenye pembe anayekula tumbaku ni wa nondo mwenye fuvu, Acherontia atropos. Naye hupenda jamii yote hiyo: viazi mviringo, nyanya, biringanya, tumbaku. Akikomaa anapita sentimita 12. Anaweza kuwa wa njano, wa kijani au wa kahawia, mbavuni ana mishazari ya buluu au zambarau, na pembe yake ina vinundu, ncha imejikunja. Ukimsumbua anagonganisha taya, unasikia mlio.

Swali la kwanza kwa Chipukizi: uko bara gani? La pili: huyo wa kichwani ana pembe?

#6 Chipukizi Kijani
Bara ni Afrika. Wa kichwani hana pembe kabisa, mkia wake ni butu. Miguu bandia nimehesabu: jozi nne katikati, moja nyuma. Hakunji mgongo. Ngozi yake ukiitazama kwa lenzi si laini, ina vinundu vidogo vidogo vyenye nywele moja moja.

Mwenye kinyesi kinene sijamwona bado.

#7 Bibi Bustani
Basi mpindamgongo tumtoe kwa huyo. Asante kwa kuhesabu, wengi wanaombwa wanakimbia.

#8 Mzee Kikonyo
Huyo ni funza wa vitumba, Helicoverpa armigera. Kukaa kichwani, ngozi ya vinundu, mstari mweupe ubavuni, ni yeye. Rangi isikudanganye: wa kijani, wa kahawia, wa waridi, hata mweusi, wote waweza kutoka kwa mama mmoja. Nondo hutaga yai mojamoja, dogo lisilofika milimita moja, lina mistari ya kushuka ukilitazama kwa lenzi. Kiwavi akitoka huenda moja kwa moja kwenye majani yaliyokunjana.

Na hapa ndipo watu wengi hupotea. Yale matundu makubwa kwenye majani ya juu hayakuliwa yakiwa makubwa. Kiwavi mdogo sana aling'ata jani likiwa bado limekunjwa, tundu dogo lisiloonekana. Jani likatanuka, na tundu likatanuka nalo. Ukiona tundu pana unatafuta kiwavi mkubwa, kumbe mwenyewe ni mdogo na yuko kichwani anatoboa majani yajayo. Kwa hiyo anayesema mdogo anatoboa matundu madogo na mkubwa anatoboa makubwa amesoma jani kinyume.

Ishara nyingine: kwenye kila kichwa kwa kawaida utamkuta mmoja mkubwa, si kumi. Hawa wanakulana.

#9 Nondo Mchana
Mzee Kikonyo, kwenye tabia nakubaliana nawe asilimia zote. Kwenye jina usifunge mlango. Kuna ndugu yake, Helicoverpa assulta, yupo Afrika na Asia, na huyo ndiye anayependelea zaidi jamii ya tumbaku na pilipili. Viwavi wao kwa macho hawatofautiki vizuri. Armigera hula karibu kila kitu, pamba, mahindi, nyanya, mbaazi. Ukimkuta kwenye tumbaku peke yake na nyanya za pembeni ziko salama, mimi ningemfikiria assulta kwanza.

#10 Mzee Kikonyo
Nyanya kuwa salama si ushahidi. Labda hazijachanua. Nondo wa armigera huvutwa na mmea unaotoa maua.

#11 Chipukizi Kijani
Nyanya sina, kwa hiyo hapo sina msaada.

#12 Mwana wa Ng'ambo
Mimi niko Marekani na hao akina Manduca ndio wapangaji wangu wa kila msimu, kwa hiyo niongeze kuhusu kinyesi, maana kitakusaidia hata kwa huyo wa fuvu. Viwavi wa jamii ya nondo hao wakubwa kinyesi chao ni pipa fupi lenye mifereji sita ya kushuka. Okota punje moja, itazame kwa lenzi. Ukiona mifereji, una kiwavi mwenye pembe. Kisha tazama juu ya mahali kilipodondokea. Yeye hukaa chini ya jani, ameshikilia uti, kichwa kimeinuliwa kidogo, na rangi yake ni ileile ya jani. Unaweza kumgusa na pua hujamwona.

Usiku mimi hutumia tochi ya miale ya urujuanimno. Manduca hung'aa kijani kikali na jani linabaki jeusi. Usiielekeze machoni.

Na ukimkuta amebeba vifuko vyeupe vingi mgongoni, mwache alipo. Hayo si mayai yake. Nyigu mdogo alitaga ndani ya mwili wake, watoto wa nyigu wakamla kutoka ndani, wametoka kusuka vifuko. Huyo kiwavi hali tena, na nyigu wakitoka watawatafuta wenzake. Kwa Manduca nyigu huyo ni Cotesia congregata.

#13 Fundi Bomba
Yote haya kwa kiwavi! Sawa, anayekataa dawa za viwandani achemshe tumbaku yenyewe, aloweke majani usiku kucha, achuje, apulizie. Wazee walikuwa wanaua wadudu kwa maji ya tumbaku.

#14 Bibi Bustani
Fundi, umempelekea samaki maji. Walikuwa wanaua wadudu mafuta kwenye mimea mingine, na kweli nikotini iliuzwa kama kiuatilifu kwa miaka mingi. Lakini kiwavi anayeishi kwenye tumbaku anakula nikotini kila siku. Manduca huitoa mwilini haraka bila kudhurika. Utampulizia chakula chake.

Anayedhurika ni mpuliziaji. Nikotini hupenya kwenye ngozi.

#15 Mwana wa Ng'ambo
Nakazia hapo kwa Bibi, na hii si ya maji ya kuchemsha tu. Ukikagua viwavi asubuhi majani yana umande, vaa glavu na nguo ya mikono mirefu. Unyevu wa jani la tumbaku unabeba nikotini mpaka kwenye ngozi yako. Wavunaji huugua: kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma. Watu hudhani ni jua. Subirini majani yakauke ndipo mkague, na watoto wasitumwe kuokota viwavi kwenye tumbaku mbichi.

#16 Shamba Dogo
Nondo wa fuvu mimi nimemwona, ana picha ya fuvu mgongoni kweli, na ukimshika analia. Anaingia kwenye mizinga kuiba asali. Niliwahi kumkuta amekufa ndani ya mzinga, nyuki wamemziba kwa gundi yao.

Je, yule nondo mkubwa anayeelea mbele ya maua ya tumbaku jioni, mrija mrefu, ndiye huyohuyo? Maana maua yangu anayatembelea kila siku giza likianza.

#17 Nondo Mchana
Hapana, wa fuvu ana mrija mfupi mnene, umetengenezwa kutoboa masega. Unayemwona wewe mbele ya maua yawezekana ni Agrius convolvuli, mrija wake ni mrefu kupita mwili. Anakunywa nekta ya tumbaku, lakini viwavi wake hula jamii ya viazi vitamu. Usimuue kwa kosa la mwingine.

#18 Mama Miche
Naomba nidandie. Mimi tumbaku yangu haijafika huko, ni miche niliyohamisha juzi. Asubuhi nakuta mche umekatwa chini kabisa, umelala pembeni, haujaliwa hata. Huyu naye ni funza wa vitumba?

#19 Mzee Kikonyo
Huyo ni sota. Chimba kwa kidole kuzunguka shina lililokatwa, sentimita chache tu, utamkuta. Kijivu au cheusi, amenona, ngozi kama imepakwa mafuta, ukimgusa anajikunja duara. Hukata usiku, mchana analala udongoni. Usichelewe kumchimba, usiku unaofuata anahamia mche wa jirani.

Zungushia kila mche pete ya boksi gumu au kipande cha chupa ya plastiki, izame kidogo udongoni. Palilia magugu siku nyingi kabla ya kupanda, maana nondo wake hutaga hapo.

#20 Jicho la Mwewe
Au panya. Au senene na panzi wakubwa. Si kila kilichokatwa ni sota.

#21 Mama Miche
Nimechimba, nimempata mmoja wa kijivu amejikunja. Mzee, asante. Kwenye mche mwingine sijakuta kitu, kwa hiyo Jicho naye simtupi.

#22 Kijani Tele
Na mimi nina langu. Majani ya chini ya tumbaku yana mabaka meupe, ukiyaweka juani mwanga unapita, ndani naona kitu cheusi kinasogea. Nadhani ni kantangaze wa kwenye nyanya.

#23 Bibi Bustani
Yawezekana, kantangaze huweza kuishi kwenye tumbaku, ila hupendelea nyanya. Kwa tumbaku, hasa majani ya chini, mimi humshuku kwanza nondo wa viazi, Phthorimaea operculella. Kiwavi wake ni mdogo, hafiki hata sentimita moja na nusu, kichwa cha kahawia, mwili mweupe unaoelekea kijani au waridi. Anaishi katikati ya ngozi mbili za jani, na hicho cheusi unachokiona huenda ni kinyesi chake. Kata majani hayo, yafunge kwenye mfuko, yaachwe juani. Usiyatupe chini ya mmea.

Ukiona shina limevimba kama fundo, huyo ni mwingine tena, kiwavi wa ndani ya shina.

#24 Kijani Tele
Viazi ninavyo, tuta la pili kutoka hapo.

#25 Nondo Mchana
Basi hesabu unayo.

#26 Chipukizi Kijani
Nimerudi na habari. Nilitoka na tochi usiku. Mambo mawili.

La kwanza, upande wa chini wa jani la katikati nimekuta viwavi wadogo wengi sana kwa pamoja, rangi ya kijivu-kijani, vichwa vyeusi, wamejipanga wanakwangua. Ngozi ya juu ya jani imebaki nyembamba, unaona kidole kwa upande wa pili. Pembeni yao kuna kitu cha manyoya ya rangi ya mchanga, kimegandamana na jani.

La pili, punje nene nimezitazama kwa lenzi kama Mwana wa Ng'ambo alivyosema. Mifereji ipo, lakini mwenye punje bado simwoni.

#27 Mzee Kikonyo
Ahaa. Kwa hiyo jirani yako ameanza kuongoza.

Hayo manyoya ni fungu la mayai. Nondo wa jamii ya viwavijeshi hutaga mamia kwa mpigo kisha hulifunika fungu kwa manyoya ya tumbo lake. Funza wa vitumba hafanyi hivyo, yeye ni yai mojamoja. Hao wa kundi ni Spodoptera. Ondoa jani hilo leo, wakiwa bado pamoja. Wakishatawanyika utawatafuta mmea mzima, na mchana hujificha udongoni.

#28 Fundi Bomba
Kiwavijeshi vamizi! Yule wa mahindi. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016 na sasa yuko kila mahali.

#29 Nondo Mchana
Si lazima, Fundi. Vamizi, Spodoptera frugiperda, hula mimea mingi lakini kipenzi chake ni jamii ya nyasi, mahindi na mtama. Kwenye tumbaku barani Afrika ningemtazama kwanza Spodoptera littoralis. Asia na Australia nafasi hiyo anaishika Spodoptera litura.

Subiri wakue kidogo utofautishe. Vamizi ana mstari wa Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Littoralis huwa na madoa meusi mgongoni, makubwa zaidi ni ya mbele karibu na kifua na ya nyuma karibu na mkia. Wakiwa wadogo hivi walivyo sasa, anayekupa jina anabahatisha.

#30 Jicho la Mwewe
Nauliza: wale waliofyeka jani mpaka uti hawawezi kuwa haohao wa kundi waliokua? Spodoptera wakubwa nao hufyeka. Si lazima awe mwenye pembe.

#31 Mwana wa Ng'ambo
Wanafyeka, ndiyo. Lakini mifereji sita kwenye kinyesi unaieleza vipi?

#32 Jicho la Mwewe
Kinyesi cha kiwavi yeyote mkubwa huwa na mikunjo. Kwa lenzi ndogo mtu huona anachokitafuta. Apime upana wa punje. Ikiwa ni milimita nne au zaidi, nitamkubali mwenye pembe.

#33 Shamba Dogo
Mmewasahau koa. Kwangu majani ya chini yaliliwa hivyohivyo, kumbe ni koa. Angalia utelezi unaong'aa asubuhi.

#34 Chipukizi Kijani
Utelezi hamna, Shamba. Punje nimepima kwa rula, inakaribia milimita tano kwa urefu, upana karibu minne. Iko mpakani, Jicho, sijui utaamuaje.

#35 Jicho la Mwewe
Nitaamua ukimpata mwenyewe.

#36 Bibi Bustani
Wakati mnabishana wanakula. Chipukizi, hatua zangu ni hizi. Jani la kundi liondoe. Vichwa vikague kwa kuvifungua taratibu kwa vidole, umtoe funza kwa mkono. Kata vitumba vya maua kama huhitaji mbegu, na ondoa maotea yanayochipuka kwenye kwapa za majani, kwa sababu hayo machanga ndiyo yanayowaita nondo kuja kutaga tena. Majani makubwa nayo yatanenepa.

Kwa dawa, tumia Bt. Ni bakteria, kiwavi lazima aile. Ikifika tumboni, protini yake hutoboa utumbo, anaacha kula ndani ya saa chache, anakufa baada ya siku kadhaa. Watu huiona haifanyi kazi kwa sababu kiwavi bado yuko juu ya jani kesho yake. Mwangalie kama anakula, si kama anatembea. Pulizia jioni maana jua huiharibu, lenga chini ya majani na ndani ya kichwa, wakiwa wadogo. Kiwavi wa sentimita nane umechelewa, huyo mtoe kwa mkono.

#37 Fundi Bomba
Bt nimewahi kuitumia, haikuua hata mmoja. Muuzaji alinihakikishia kabisa.

#38 Nondo Mchana
Soma jina la mwisho kwenye chupa. Kuna Bt aina ya kurstaki, hiyo ni ya viwavi. Kuna israelensis, hiyo ni ya mabuu ya mbu. Ukipewa ya mbu, kiwavi ataoga tu. Bakteria huyu kwa mara ya kwanza alionekana Japani mwaka 1901, akiua viwavi wa hariri, kwa hiyo viwavi amewazoea siku nyingi.

#39 Fundi Bomba
Chupa nilishaitupa. Iliandikwa Bt tu kwa herufi kubwa.

#40 Mzee Kikonyo
Mimi Bt kwenye tumbaku iliyokwisha kutoa kichwa siiamini sana. Matone hayaingii. Mkono wako ndiyo dawa, mashina yake ni machache.

#41 Kijani Tele
Na mwarobaini je?

#42 Bibi Bustani
Mwarobaini husaidia kwa wadogo, huwapunguzia hamu ya kula na huvuruga kujivua ngozi. Kwa waliomo ndani ya jani lako usitegemee sana. Kata majani.

#43 Mwana wa Ng'ambo
Chipukizi, kama unataka jibu la kweli la jina, mfuge. Chupa ya mdomo mpana, udongo wenye unyevu kidogo sentimita 10 hivi chini, kitambaa juu, jani bichi kila siku. Kila kiwavi chupa yake, Mzee Kikonyo ameshaeleza kwa nini. Akiingia udongoni mwache. Nondo ndiye mwenye kitambulisho. Na bundo nalo linasema: la Manduca lina mrija uliojitenga na mwili na kujikunja, mithili ya mkono wa birika. La wa fuvu halina.

#44 Nondo Mchana
Naongeza. Akitoka nondo wa kahawia hafifu, mabawa ya nyuma meupe yenye ukanda mpana mweusi ukingoni, ni Helicoverpa. Akitoka mwenye mabawa ya mbele ya kahawia yaliyochorwa mistari myeupe inayopishana, ya nyuma meupe yanayong'aa, ni littoralis.

#45 Chipukizi Kijani
Nimewaweka. Wawili wa vichwani niliwaacha pamoja muda mfupi nikitafuta chupa ya pili, nimerudi nimekuta mmoja na kichwa cha mwenzake.

Kuna jipya pia. Juu kabisa ya shina moja kuna kiwavi amening'inia, kichwa chini, ameshikilia jani kwa miguu ya nyuma. Ni mweusi, amelegea, nikimgusa kwa kijiti ngozi inapasuka na kutoa maji ya kahawia. Bado sijapulizia kitu chochote.

#46 Fundi Bomba
Joto hilo. Siku hizi jua ni kali.

#47 Mzee Kikonyo
Joto halimpandishi kileleni. Huyo ameugua. Kuna virusi vya viwavi, vikimshika vinamfanya apande juu kabisa kabla ya kufa, mwili unayeyuka ndani ya ngozi. Maji yake yakidondokea majani ya chini, wenzake wakiyala nao wanaugua. Mwache hapohapo.

#48 Jicho la Mwewe
Jirani akipulizia upande wake je? Upepo huleta. Kiwavi aliyekula Bt naye huwa mweusi na kulegea.

#49 Kijani Tele
Virusi vya kwenye tumbaku si ndivyo vile vya majani ya mabaka? Maana na hayo ninayo.

#50 Nondo Mchana
Tofauti kabisa. Vya mabaka ni vya mmea, ndivyo Ivanovsky mwaka 1892 na Beijerinck mwaka 1898 walivyovifanyia kazi, na kutoka hapo dunia ikajua kuna kitu kinachoitwa virusi. Vinahama kwa mikono, visu na mabaki ya tumbaku kavu. Nawa mikono kabla ya kugusa mmea mzima, hasa kama umetoka kukagua wenye mabaka. Viwavi havivihusu. Fungua uzi wako, Kijani, weka na picha.

Kuhusu aliyening'inia, Jicho ana hoja. Chipukizi, muulize jirani alipulizia lini, na upande upi upepo ulikuwa unaelekea. Halafu tazama kama wako wengine juu ya mashina ambayo hayapakani na ukuta wake.

#51 Chipukizi Kijani
Jirani anasema amepulizia maua yake, ila hakumbuki chupa iliandikwa nini. Upande wa mbali na ukuta nimekuta mwingine amening'inia vilevile, huyu si mweusi bado, ni wa rangi ya maziwa iliyochafuka. Na chini yake, kwenye jani la tatu, kuna punje mpya mbili za kinyesi kinene.

#52 Mwana wa Ng'ambo
Simama chini ya jani la tatu, tazama juu, usitazame punje. Fuata kila uti kwa kidole chenye glavu, kuanzia kwenye kikonyo.

#53 Bibi Bustani
Na huyo wa rangi ya maziwa mpige picha tumboni kabla hajapasuka. Nataka kuhesabu miguu bandia, kwa sababu akiwa na jozi mbili katikati, mpindamgongo wangu wa kwanza anarudi mezani.

#54 Mzee Kikonyo
Hilo nalo lawezekana. Virusi hivyo huwapata wapindamgongo sana.